Siku Tano za Kongamano na Chumba Nisichoruhusiwa Kuingia

Siku ya kwanza: safari

Kwa kawaida anayekwenda ni mama wa binti yetu. Ameshahudhuria kongamano la familia za watu wenye sindromu ya Down mara tatu, na kila mara hurudi na daftari lililojaa mwandiko wa haraka ambao mimi huupitisha macho tu, kisha nauliza: "Kwa kifupi wamesema nini?" Mwaka huu aliteguka kifundo cha mguu siku nane kabla ya safari. Nafasi zilikuwa zimeshalipiwa, na binti yetu alikuwa ameshaitungia safari wimbo. Ikabidi niende mimi.

Nilikabidhiwa daftari likiwa na maswali tisa tayari. La tano limepigiwa mstari mara mbili: kukoroma. La nane lina alama tatu za kuuliza: karatasi za usimamizi???

Binti yetu ana miaka 19. Begi lake alilipanga mwenyewe tangu Jumatatu: magauni manne ya kuchezea muziki, tochi, albamu ya picha, viatu vya mvua, na sweta hata moja hakuna. Usiku alipolala nililifungua nikalipanga upya, kwa akili zangu za mtu mzima. Asubuhi nikalikuta limerudi vile vile, viatu vya mvua juu kabisa. Hakusema kitu. Nami nikanyamaza.

Ndani ya basi alikaa dirishani. Abiria wa kiti cha mbele aligeuka, akamtazama yeye, kisha akaniuliza mimi: "Anaitwa nani?" Nilikuwa nimeshafungua mdomo. "Niulize mimi," binti yangu akasema. Yule bwana akacheka kwa aibu, akamuuliza, akapewa jina lote, la baba na la babu, pamoja na tarehe ya kuzaliwa ambayo hakuiomba.

Baada ya hapo akaanza kuzungumza na kioo. Hufanya hivyo tangu utotoni: ananong'ona, anajiuliza, anajijibu, na siku nyingine anajigombeza kabisa. Tukiwa mbele za watu huwa namgusa goti ili anyamaze. Siku hiyo nilimgusa mara mbili kabla safari haijatimiza saa moja.

Tulifika jioni. Mapokezi kulikuwa na foleni ndefu ya familia, watoto wametambaa mpaka chini ya meza, na kwa mara ya kwanza tangu binti yangu azaliwe nilisimama mahali ambapo hakuna aliyegeuka kumtazama. Dada wa mapokezi alimuuliza jina. Kimya kikapita kidogo, nami nikajibu kama ninavyojibu siku zote. Yule dada hakuandika. Aliendelea kumtazama binti yangu, kalamu ikiwa hewani, mpaka akalisema mwenyewe.

Tukapewa beji. Yake imeandikwa MSHIRIKI, yangu MZAZI. Alizisoma zote mbili kwa sauti, taratibu, kisha akanipiga begani. "Baba, wewe hushiriki."

Siku ya pili: afya

Asubuhi yote ilikuwa ya daktari mmoja, mama mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, aliyekataa kusimama jukwaani akawa anatembea katikati ya viti. Alianza na jina. Mwaka 1866 daktari Mwingereza, John Langdon Down, aliandika maelezo ya watu hawa kama kundi lenye sura na tabia zinazofanana. Kwa fikra za zama zake akawafananisha na watu wa taifa moja la Asia, na jina hilo la kabila likashikamana nao kwa karibu miaka mia. Mwaka 1961 kundi la wanasayansi liliandika katika jarida la The Lancet kwamba jina hilo liachwe, na mwaka 1965, baada ya Mongolia yenyewe kulalamika, Shirika la Afya Duniani likaacha kulitumia. Kisha akaongeza jambo lililonikaa: Down alikuwa na mjukuu aliyezaliwa mwaka 1905 akiwa na hali hii hii. Babu alikuwa ameshakufa, hakumwona.

Chanzo chenyewe kilijulikana mwaka 1959, pale Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin walipotangaza huko Ufaransa kwamba seli za watoto hawa zina kromosomu, zile nyuzi ndogo zinazobeba urithi, 47 badala ya 46. Ya ziada ni ya namba 21. Mama mmoja nyuma yangu alinyanyua mkono akauliza kama ni kweli inatokana na alichokula akiwa mjamzito, au na hasira, au na neno alilotamkiwa na mkwewe. Ukumbi ulikuwa na watu mia kadhaa na hakuna aliyecheka. Daktari akamjibu kwamba kosa hutokea wakati seli inagawanyika kutengeneza yai au mbegu, mara nyingi yai, na hakuna chakula, hasira wala ulimi wa mkwe unaofika huko. Umri wa mama huongeza uwezekano, ndiyo, lakini kwa kuwa wanawake vijana ndio wanaozaa zaidi, wengi wa watoto hawa wana mama walio chini ya miaka 35.

Akaeleza pia kwa nini tupime kromosomu hata kama sura ya mtoto inatosha kumtambulisha. Kwa takriban 95 katika kila 100, kromosomu ya ziada imekaa peke yake. Lakini kwa wachache, kama 3 au 4 katika 100, imedandia kromosomu nyingine, na hapo inawezekana baba au mama ameibeba bila kujua na ikajirudia kwa mtoto mwingine. Waliobaki ni wale ambao baadhi ya seli zao zina 47 na baadhi 46. Sisi hatukuwahi kupimiwa hilo. Tuliambiwa wodini, "Si mnaona wenyewe?"

Moyo haukuwemo katika maswali yetu. Takriban nusu ya watoto hawa huzaliwa na hitilafu ya moyo, ndiyo maana kila mmoja anatakiwa kupimwa mapema hata akionekana mzima. Wa binti yangu ulishonwa akiwa na miezi mitano na tangu hapo haujatusumbua. Swali la tatu ndilo lililonichoma. Mwaka juzi binti yetu alipoa. Aliacha kucheza muziki, akawa mzito, analala mchana, ngozi imekauka, choo kigumu. Tulimpeleka kwa daktari, hospitali siitaji, akamtazama kutoka ng'ambo ya meza na kusema: "Ndivyo walivyo hawa." Tukarudi nyumbani. Miezi saba baadaye mama yake aligoma kuondoka kwenye chumba cha daktari mwingine mpaka damu ichukuliwe, na majibu yakaonyesha tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, imelegea kazi. Kidonge kimoja cha asubuhi, na baada ya wiki chache muziki ukarudi kupigwa kwa sauti ya kuudhi majirani.

Nilipolisimulia hilo kwenye kipaza sauti, mikono yangu ikitetemeka kuliko nilivyotarajia, daktari aliuliza ukumbi mzima: "Nani mwingine ameambiwa 'ndivyo walivyo'?" Sikuhesabu mikono. Ilikuwa mingi. Akasema thairoidi ipimwe kila mwaka, maisha yote, dalili ziwepo zisiwepo, kwa sababu dalili zake zinafanana mno na vile watu wanavyodhani mtu mwenye sindromu ya Down yuko. Halafu akasema tukisikia maneno yale matatu tena tumwulize msemaji kwa upole: je, asingekuwa na sindromu ya Down ungempima nini? Basi, kipimo hicho hicho.

Swali la tano. Nilitaka kuuliza kuhusu kukoroma, lakini daktari alinitangulia kwa picha ya mtoto aliyelala amejikunja katikati kama mkeka, kichwa kimelalia miguu yake mwenyewe. Binti yangu hulala hivyo. Tumekuwa tukiwaonyesha wageni picha zake na kucheka jinsi alivyo mlaini. Daktari alisema njia ya hewa ya watu hawa ni nyembamba, misuli imelegea, ulimi unajaa mdomo, na wengi pumzi hukatika usingizini. Kujikunja vile, au kulala ameketi, mara nyingi ni mwili kutafuta mkao ambao hewa inapita. Wengine hata hawakoromi. Ndiyo maana madaktari wa watoto wa Marekani wanapendekeza kila mtoto mwenye sindromu ya Down afanyiwe kipimo cha usingizi kabla ya kufika miaka 4, bila kutegemea mzazi anasikia nini usiku.

Miaka minne. Wangu ana 19. Niliandika "KIPIMO CHA USINGIZI" nikajaza ukurasa, na jioni nikazifuta zile picha kwenye simu. Nyingine nilishindwa kuzifuta, maana ndani yake alikuwa na miaka sita na anatabasamu usingizini.

Kuhusu shingo nitaandika kwa ufupi, mama yake anaijua. Mifupa miwili ya juu kabisa ya uti wa mgongo inaweza kuwa na ulegevu. Cha kuangalia ni mabadiliko: mwendo umebadilika, mikono imepoteza nguvu, mtu aliyekuwa akijizuia haja ameanza kujikojolea. Hapo hakuna kusubiri. Na kabla ya upasuaji wowote, anayetoa dawa ya usingizi aambiwe asiipinde shingo kwa nguvu.

Jioni tuligawiwa soksi zisizofanana. Ni desturi ya tarehe 21 Machi, yaani 21 ya mwezi wa 3, kromosomu namba 21 zikiwa tatu. Umoja wa Mataifa unaiadhimisha siku hiyo rasmi tangu mwaka 2012, na soksi zimechaguliwa kwa kuwa kromosomu zikichorwa zinafanana na soksi. Kongamano letu halikuangukia Machi, ila waandaaji walikuwa na maboksi yake. Watu wote wakavaa, wakapiga picha. Binti yangu alizitazama zake, moja ya bluu na moja ya njano, kama mtu aliyeuziwa kitu kibovu. "Hizi si pea," akasema. Akazunguka ukumbini na ile ya njano mkononi mpaka akampata kijana mwenye ya bluu. Wakabadilishana. Alilala amevaa soksi zinazofanana, peke yake katika jengo zima, nadhani.

Siku ya tatu: mlango

Kwenye ratiba niliona mstari huu: "Wanaojisemea, miaka 16 na kuendelea. Asubuhi hadi saa kumi. Wazazi hawaingii." Nilidhani ni tahadhari ya maandishi tu, kama "usiegemee mlango". Nikamsindikiza, nikabeba na chupa yake ya maji.

Mlangoni kulikuwa na kijana mwenye sindromu ya Down, suti imemkaa barabara, beji yake imeandikwa MLINZI WA MLANGO. Alimpokea binti yangu kwa mkono, akampokea chupa, kisha akanigeukia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mkutano wako uko juu."

Nikaanza kueleza kwamba binti yangu huchelewa kujibu, kwamba akizidiwa na kelele huziba masikio, kwamba pengine nikikaa pale nyuma kabisa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu zote. "Mkutano wako uko juu, mzee," akarudia, na mlango ukafungwa.

Nilikaa kwenye benchi la ukumbini pale nje kwa muda ambao sitautaja. Kilichotoka humo ndani kilikuwa kicheko, kisha kimya, kisha sauti ya mtu mmoja, kisha makofi. Sauti haikuwa ya binti yangu. Au ilikuwa yake. Kupitia mlango mnene sikuweza kuapa. Mlinzi alifungua tena, akanikuta, akatikisa kichwa, akafunga. Nikapanda juu.

Juu alikuwa mtaalamu wa lugha na matamshi. Alisema watu wenye sindromu ya Down, kwa wengi wao, wanaelewa zaidi ya wanavyoweza kusema, na pengo hilo ndilo linalowapotosha wenzao. Kumbukumbu ya vitu vilivyosikika tu hupita haraka. Vya kuonekana hukaa. Ndiyo sababu ishara za mikono haziui usemi wa mtoto, zinaubeba mpaka mdomo uwe tayari, na ndiyo sababu wengine husoma maneno kabla ya kuyatamka vizuri, kisha kusoma kukawafundisha kusema. Hilo nalijua. Mama yake alibandika karatasi kwenye kila kitu nyumbani, mlango, kiti, jagi, na mimi niliona anachafua ukuta.

Kisha akaomba mtu wa kujitolea, na kwa kuwa wanaume tulikuwa wachache nilionekana. Sheria ilikuwa moja: nijibu maswali bila kutumia neno lolote lenye herufi "a". Akaniuliza asubuhi nilifanya nini. Jaribu, msomaji, ndipo utajua Kiswahili kimejengwa juu ya herufi gani. Nilikuwa nimelipata neno la kwanza, natafuta la pili, wakati mama aliyekaa mbele alipodakia: "Amemleta mtoto!" Wengine wakaitikia, ndiyo, amemleta mtoto, mwulize lingine. Sikuwa natafuta neno hilo. Nilitaka kusema kuhusu mlango. Lakini swali lilikuwa limeshajibiwa na wote walikuwa wanatabasamu, na nilihisi moto ukinipanda usoni, nikatabasamu nao ili yaishe.

Mtaalamu alitazama saa yake. "Sekunde tatu," akasema. "Mlimpa sekunde tatu." Tukashauriwa tuhesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kurudia swali, au kulijibu wenyewe.

Wakati wa chakula cha mchana walitolewa kwa nusu saa. Nikamwuliza binti yangu asubuhi ilikuwaje, nikaanza kuhesabu. Nilipofika saba akasema: "Baba, mbona unanitolea macho?"

Alasiri kulikuwa na kikao cha akina baba. Viti vilipangwa 30 na tulitokea 11, tukavivuta tukakaa kama walinzi wa usiku. Kwa dakika kadhaa tulizungumzia usafiri. Kisha kijana mmoja, mtoto wake ana wiki sita, akafungua faili lenye karatasi za hospitali zilizopangwa kwa tarehe na kuuliza, bila kumwangalia mtu yeyote: "Atatembea lini?"

Wengi hutembea karibu na miaka miwili, wengine kabla, wengine baada ya mitatu. Misuli yao huzaliwa imelegea. Lakini aliyemjibu hakutumia namba. Alikuwa mzee kuliko sote, mwanawe ana miaka 47. "Wangu alitembea na mitatu," akasema. "Tangu hapo sijamshika." Akaeleza kwamba siku alipozaliwa aliambiwa mtoto hatavuka miaka kumi, na kwa hiyo hakumwandikisha shule. Kwa nini umsumbue mtoto wa muda mfupi? Alipofika kumi wakasubiri. Alipofika kumi na mbili mke wake akasema tumemnyima miaka, akampeleka.

Hakuwa amedanganywa kwa makusudi. Huko Marekani, kunakowekwa takwimu hizi kwa muda mrefu, wastani wa maisha ya mtu mwenye sindromu ya Down ulikuwa takriban miaka 25 mwaka 1983. Leo unakaribia 60. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni upasuaji wa moyo, na watu kuacha kuwafungia kwenye taasisi. Kijana mwenye faili aliandika "60", akaizungushia duara. Halafu akauliza kama kuna mtu anayeweza kumwonyesha jinsi ya kumshika mtoto aliyelegea wakati wa kumwogesha, maana mkewe anamshika vizuri na yeye anaogopa kumwangusha. Wanaume watatu wakasimama kwa pamoja, wakakunja koti likawa mtoto, na kikao chetu kikaishia hapo.

Siku ya nne: uzee na karatasi

Sikutaka kwenda kwenye mada ya kuzeeka. Binti yangu ana miaka 19, nikajiambia, hii ni ya wengine. Lakini yule mzee alikuwa ameniwekea kiti.

Kwenye kromosomu namba 21 kuna jeni inayohusika na protini ile inayojikusanya katika ubongo wa mwenye ugonjwa wa Alzheimer, ule wa kupoteza kumbukumbu. Mwenye kromosomu tatu hutengeneza protini hiyo kwa wingi tangu utotoni. Kufikia miaka 40, karibu wote wenye sindromu ya Down huwa na mabadiliko hayo ndani ya ubongo. Dalili zenyewe, kwa wanaozipata, huonekana zaidi wakiwa kwenye miaka ya hamsini, mapema mno kuliko kwa watu wengine. Mtoa mada alisema hayo polepole, na baada ya kila sentensi alinywa maji.

Kisha akarudi kwenye kitu tulichokisikia siku ya pili. Mtu wa miaka 45 akianza kusahau, akijitenga, akikataa kuoga, usiseme papo hapo ni Alzheimer. Pima thairoidi. Pima masikio, pima macho. Angalia usingizi. Uliza nani amefariki, nani amehama, rafiki gani hafiki tena, kwa sababu huzuni yao mara nyingi haitoki kwa maneno. Mtu mmoja aliuliza kuhusu kuzungumza peke yako, kama ni dalili ya akili kuyumba. Akajibiwa kwamba ni jambo la kawaida kabisa kwa watu hawa, wadogo kwa wakubwa. Ndivyo wengi wanavyopanga siku yao, wanavyomeza yaliyowapata, wanavyojifariji. Cha kutia wasiwasi ni yakibadilika ghafla, yakawa ya hofu au ya kujitukana. Nilikumbuka goti lake, na miaka yote hiyo ya kuligusa.

Mzee aliniomba kalamu. Alishika karatasi kwa muda. Mwanawe, alininong'oneza, tangu mwaka jana anasimama mbele ya ngazi kama hazijui, na miwani yake ni ya miaka saba iliyopita. Aliandika neno moja, "miwani", akanirudishia kalamu.

Swali la nane lilimsubiri mwanasheria wa mchana. Mimi na mama yake tumekuwa tukibishana: binti amevuka miaka 18, je, tuombe mahakama itufanye wasimamizi wake katika kila jambo? Mimi nilitaka. Nilidhani ni karatasi tu, kama bima. Mwanasheria alieleza Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, na ibara yake ya 12, inayosema mtu mwenye ulemavu ana uwezo wa kisheria sawa na wengine, na kwamba kazi ya nchi ni kumpatia msaada anaouhitaji ili autumie. Sheria za nchi zinatofautiana, akasema, lakini kila mahali lililo rahisi kuomba ni kumvua mtu uamuzi, na lililo gumu ni kumrudishia.

Akatugawia karatasi tupu. Tuandike maamuzi ambayo mtoto wetu mtu mzima ameyafanya wiki hii na yakasimama.

Niliandika: soksi. Nikaandika: begi. Nikakaa na hilo la begi kwa muda, kisha nikaongeza pembeni, "nililipangua". Jirani yangu, mama mwenye mwana wa miaka 31, hakuwa na kitu kwenye karatasi yake, na alikuwa ameigeuza ili nisione.

Usiku kulikuwa na muziki, na nikajua magauni manne yalikuwa ya nini: alibadilisha mara tatu. Mvua ilinyesha pia, niseme ukweli, na kati ya jengo la kulala na ukumbi kulikuwa na tope. Watu wote walivuka wakishika viatu vyao mkononi. Yeye alipita katikati na viatu vyake vya mvua, tochi mkononi, akiwamulikia wazee njia.

Alicheza sana na yule mlinzi wa mlango. Katikati ya wimbo wakaja mezani kwangu, akanitambulisha. "Huyu ni baba yangu. Ni mzazi tu."

"Namfahamu," akasema kijana.

Siku ya tano: kurudi

Asubuhi walituita wote kwenye ukumbi mkubwa. Wale wanaojisemea walipanda jukwaani kusoma waliyoyakubaliana, wakaeleza kwanza kwamba si yote yatasomwa. Walisoma manne. Waambiwe wao majibu ya vipimo vyao. Kazi ilipwe. Watu wasiwaite watoto. Na maandishi yawe rahisi kusomeka, kwa herufi kubwa. Binti yangu alishika kona ya bango, hakusoma. Yaliyobaki yalikuwa kwenye karatasi ambayo kila mmoja alipewa, imekunjwa mara nne.

"Naweza kuiona?" nilimuuliza tukiwa kwenye foleni ya basi.

"Ya kwetu."

Akaiweka kwenye mfuko wa pembeni wa begi, akafunga zipu, akaipapasa mara moja kuhakikisha.

Safari ya kurudi alikaa tena dirishani. Alianza kunong'ona na kioo mara tu basi lilipotoka kituoni, na aliendelea kwa zaidi ya saa nzima, akisimama, akicheka, akipinga hoja, akikubali. Mwanamke wa upande wa pili alitutazama, kisha akanitazama mimi. Mikono yangu niliiweka kwenye daftari. Mara mbili nilisikia neno "mlango", na mara moja jina langu, lile ambalo watu wazima huniita, ambalo sikujua kama analitumia.

Nyumbani mama yake alitupokea kwa mguu mmoja. Nilimpa daftari. Akasoma "KIPIMO CHA USINGIZI", akasoma "MIWANI, wote tupimwe macho", akafika swali la nane na kukuta nimeandika tu: tuongee. Akalifunga.

"Na kule kwa vijana? Walizungumza nini siku nzima?"

"Muulize mwenyewe."

Akamgeukia. Binti yangu alikuwa anavua viatu vya mvua, tope limekaukia kwenye soksi za bluu. Hakujibu. Nikaona mama yake anavuta pumzi ya kuuliza tena, nikamshika mkono, nikaanza kuhesabu. Nilipofika tisa kiatu cha pili kilikuwa kimetoka.

"Nataka ufunguo wa chumba changu," akasema.